LibreOffice Mpya: Kwa Nini Fomula Inafanya Kazi Kwako na kwa Mwenzako Inaleta #NAME?

Mhasibu wa kikoba anatengeneza faili la michango, analijaribu, kila jina linakaa mahali pake. Analituma kwa katibu. Katibu analifungua, anaanza kulifanyia kazi, na safu nzima ya majina inageuka kuwa #NAME?. Faili halijaharibika wala hakuna virusi. Kompyuta zote mbili zina LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, ila ya mhasibu ni toleo la 24.8 na ya katibu ni 7.3. Fanksheni ya XLOOKUP iliyotumika humo iliingia Calc, sehemu ya LibreOffice ya majedwali ya hesabu, mwezi Agosti 2024. Toleo lililotoka kabla ya hapo halilijui neno hilo kabisa.

Orodha za vipengele vipya huishia kutaja kilichoongezwa. Kwa mtu anayefanya kazi na wenzake, kuna swali lingine la kujiuliza mbele ya kila kipengele: hiki kinakaa kwenye kompyuta yangu tu, au kinasafiri ndani ya faili? Kinachokaa kwenye kompyuta kitumie leo hii bila wasiwasi. Kinachosafiri ndani ya faili kinamtaka anayepokea naye awe na toleo linalokielewa. Ukishavitenganisha hivi viwili, sehemu kubwa ya mkanganyiko inakwisha.

Kwanza, namba za matoleo

LibreOffice ilizaliwa Septemba 2010, pale kundi la waendelezaji wa OpenOffice.org lilipojitenga na kuanzisha The Document Foundation, taasisi yenye makao Berlin, Ujerumani. Kwa miaka mingi matoleo yalihesabiwa kwa mfululizo wa kawaida: 5, 6, 7. La mwisho katika hesabu hiyo lilikuwa 7.6, Agosti 2023. Lililofuata likaitwa 24.2, na wengi wakadhani wamerukwa na matoleo kumi na sita. Hakuna kilichorukwa. Namba ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi: 24.2 ni Februari 2024, 24.8 ni Agosti 2024, 25.2 ni Februari 2025, 25.8 ni Agosti 2025. Namba ya tatu, kama 25.2.4, ni ya marekebisho. Haileti vipengele vipya, inaondoa kasoro.

Kila toleo hupewa marekebisho kwa muda wa takriban miezi tisa, kwa hiyo kuna kipindi matoleo mawili huhudumiwa kwa pamoja. Kwa ofisi, ushauri wetu ni kutokimbilia toleo wiki ya kwanza linapotoka. Subiri namba ya tatu ifike 3 au 4, kasoro nyingi zinakuwa zimeshaonekana na kushughulikiwa.

Kujua uliyo nayo, fungua Help, kisha About LibreOffice. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta ya ofisi na uandike pembeni, maana wanaotumia Linux mara nyingi wako nyuma bila kujua. Ubuntu 22.04 ilikuja na 7.3, na Ubuntu 24.04 ilikuja na 24.2. Mtu anaweza kusasisha mfumo wake kila siku na bado asiwe na XLOOKUP, kwa sababu hazina ya Ubuntu huleta marekebisho ya usalama bila kupandisha toleo. Anayetaka jipya zaidi achukue la Flatpak (namna ya kusakinisha programu kwenye Linux) kutoka tovuti ya Flathub, au mafaili ya .deb kutoka tovuti ya LibreOffice yenyewe. Kwa upande wa Windows kuna ukuta mwingine: 25.8 haiwekeki kwenye Windows 7 wala 8. Kompyuta za namna hiyo, na bado zipo nyingi kwenye maduka ya uchapaji, mwisho wake ni 25.2.

Vinavyokaa kwenye kompyuta

Hapa tunaweza kwenda haraka. Tangu 24.2, kuhifadhi taarifa za kuokoa hati huwa kumewashwa tangu mwanzo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, LibreOffice ikifunguka tena inakupa nafasi ya kurejesha ulichokuwa ukiandika. Lakini elewa mipaka yake: kwa kawaida taarifa hizo huandikwa kila baada ya dakika 10, kwa hiyo bado unaweza kupoteza dakika 9 za kazi. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, ushushe muda huo hadi dakika 3 au 5. Hapo hapo kuna chaguo la kutengeneza nakala ya akiba kila unapohifadhi. Liwashe. Nakala ya kuokoa hutoweka ukishafunga hati vizuri; nakala ya akiba hubaki, na ndiyo itakayokusaidia siku utakapofuta ukurasa kwa bahati mbaya kisha ukahifadhi.

Toleo hilo la 24.2 pia liliongeza uwezo wa kupaka rangi mstari na safu ya seli unayofanyia kazi, kupitia menyu ya View. Kwa anayeingiza namba kwenye daftari lenye safu 20, hili peke yake linapunguza makosa ya kuandika mstari usio wake. Katika 24.8, Writer, sehemu ya kuandikia hati, ilipata paneli ya kutafuta maneno pembeni, na Impress, ya slaidi, ikaweka maelezo ya msemaji chini ya slaidi badala ya kukulazimisha uhamie mwonekano mwingine. Katika 25.2 kulikuja Duplicates, ndani ya menyu ya Data, inayotafuta mistari iliyojirudia na kukuuliza kama uichague au uifute. Chagua kwanza, angalia kwa macho, ndipo ufute: watu wawili wenye jina moja waliolipa kiasi kimoja siku moja wataonekana ni mstari uliojirudia kama hukujumuisha namba ya uanachama.

Vyote hivi havimhusu anayepokea faili lako. Akiwa na 7.3 atalifungua bila tatizo lolote.

Vinavyosafiri: fanksheni mpya za Calc

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye mitego. Toleo la 24.8 lilileta FILTER, LET, RANDARRAY, SEQUENCE, SORT, SORTBY, UNIQUE, XLOOKUP na XMATCH. Toleo la 25.8 likaongeza CHOOSECOLS, CHOOSEROWS, DROP, EXPAND, HSTACK, VSTACK, TAKE, TEXTAFTER, TEXTBEFORE, TEXTSPLIT, TOCOL, TOROW, WRAPCOLS na WRAPROWS. Huna haja ya kuzikariri zote. Chache zikieleweka vizuri zinabadilisha kazi ya kila siku.

Tuseme faili la kikoba lina karatasi mbili. Karatasi ya Wanachama ina namba ya mwanachama safu A na jina safu B, mistari ya 2 hadi 31. Karatasi ya Michango ina namba ya mwanachama safu A, tarehe safu B, kiasi safu C, hadi mstari wa 500.

Kupata jina la mwenye namba iliyo A2:

=XLOOKUP(A2;$Wanachama.$A$2:$A$31;$Wanachama.$B$2:$B$31;"Hayumo")

Kwa nini tuiache VLOOKUP tuliyoizoea? VLOOKUP hutafuta kwenye safu ya kwanza tu na kurudisha kilicho kulia kwake. Ukiingiza safu mpya katikati, namba ya safu uliyoandika inaendelea kuelekeza mahali palepale na jibu linakuwa la safu nyingine. Baya zaidi, ukisahau kuandika 0 mwishoni, VLOOKUP huchukulia orodha imepangwa kwa mfuatano na kukupa jibu la karibu. Halioneshi kosa, linakupa jina la mtu mwingine. XLOOKUP hutafuta kinacholingana kabisa bila kuambiwa, na kama hakipo inaandika neno ulilolichagua.

Ina sehemu mbili zaidi, na ya mwisho ni ya thamani kubwa. Tarehe ya mchango wa mwisho wa mwanachama, katika daftari linaloandikwa kwa mfuatano wa siku, inapatikana hivi:

=XLOOKUP(A2;$Michango.$A$2:$A$500;$Michango.$B$2:$B$500;"Bado";0;-1)

Hiyo -1 inaiambia itafute kutoka chini kwenda juu, hivyo ya kwanza kukutana nayo ni ya mwisho kuandikwa. Jibu likionekana kama 45870 badala ya tarehe, si kosa. Seli inahitaji kupewa muundo wa tarehe kwa Ctrl+1.

Angalia pia alama. Kati ya jina la karatasi na seli, Calc hutumia nukta, wakati Excel hutumia alama ya mshangao. Fomula iliyonakiliwa kutoka somo la Excel na kubandikwa ilivyo italeta kosa kwa sababu hiyo tu. Kitenganishi cha sehemu za fomula nacho kinaweza kuwa nukta mkato au mkato, kutegemea mipangilio ya lugha. Yote mawili yanaonekana na kubadilishwa kwenye Tools, Options, LibreOffice Calc, Formula.

Mtego wa FILTER

FILTER hurudisha mistari yote inayokidhi sharti. Kupata michango yote ya mwanachama ambaye namba yake imeandikwa E1:

=FILTER($Michango.$A$2:$C$500;$Michango.$A$2:$A$500=E1;"Hakuna")

Katika Excel mpya, jibu hujitandaza lenyewe na kuongezeka au kupungua kadiri data inavyobadilika. Calc katika matoleo haya haifanyi hivyo. Eneo la jibu hufungwa pale unapoingiza fomula, na baada ya hapo halikui. Leo mwanachama ana michango 6, jibu linachukua mistari 6. Mwezi ujao akiwa na 10, minne ya mwisho haitaonekana na hakuna onyo lolote litakalotokea. Jumla ikipigwa chini ya hapo itakuwa pungufu, na mtu atadaiwa fedha alizokwisha kulipa.

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kuchagua eneo kubwa mapema, kwa mfano F2:H41, kuandika fomula, kisha kubonyeza Ctrl+Shift+Enter. Mistari inayozidi itajaa #N/A (alama ya kukosa jibu), na kuizungushia IFERROR, fanksheni ya kuficha makosa, hakusaidii, kwa sababu kosa halitoki ndani ya jibu, liko nje ya mipaka yake. Hilo linachukiza macho tu. La hatari ni hili: jibu likiwa na mstari mmoja pekee, Calc huurudia mstari huo katika eneo lote lililochaguliwa. Ndiyo kanuni ya fomula za eneo zima (array) tangu zamani. Mwanachama aliyechangia mara moja ataonekana amechangia mara 40.

Mwenye 25.8 ana suluhisho safi, nalo ni EXPAND:

=EXPAND(FILTER($Michango.$A$2:$C$500;$Michango.$A$2:$A$500=E1;"Hakuna");40;3;"")

EXPAND hulinyoosha jibu hadi mistari 40 na safu 3, na kujaza nafasi tupu kwa kile ulichokiandika mwishoni, hapa hakuna kitu. #N/A zinaondoka, na mstari mmoja unabaki mmoja. Michango ikipita 40 italeta kosa waziwazi badala ya kukata kimyakimya, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Aliye na 24.8 au 25.2 ni heri aache FILTER kwa kazi ya namna hii na atumie AutoFilter ya kawaida, Ctrl+Shift+L, pamoja na SUMIF kwa ajili ya jumla.

Ukijaribu kufuta seli moja ndani ya eneo hilo, Calc itakataa na kukuambia huwezi kubadilisha sehemu tu ya eneo la fomula (array). Weka kishale ndani yake, bonyeza Ctrl+/ (ile / ya kwenye vitufe vya namba upande wa kulia) ili eneo zima lichaguliwe, ndipo ufute au urekebishe.

Kuchambua ujumbe wa malipo

TEXTBEFORE na TEXTAFTER, za 25.8, zinafaa mno kwa wanaobandika ujumbe wa M-Pesa kwenye daftari. Chukua ujumbe wa Kenya unaoanza na nambari ya muamala, kisha "Confirmed. You have received Ksh1,500.00 from...", ukiwa D2. Nambari ya muamala ni kila kilicho kabla ya nafasi ya kwanza:

=TEXTBEFORE(D2;" ")

Kiasi ni kilicho baada ya "Ksh" ya kwanza, hadi nafasi inayofuata:

=NUMBERVALUE(TEXTBEFORE(TEXTAFTER(D2;"Ksh");" ");".";",")

NUMBERVALUE si pambo. Bila hiyo utapata maandishi "1,500.00" yanayofanana na namba lakini SUM itayaruka, na jumla itatoka sifuri. Ujumbe wa salio nao una "Ksh", ila huja baadaye, na TEXTAFTER huchukua ya kwanza isipoambiwa vinginevyo. Kwa ujumbe wa Tanzania badilisha neno la kutafutia tu, ukizingatia herufi kubwa na ndogo, kwani fanksheni hizi huzitofautisha.

Kutuma kwa asiye na toleo jipya

Wengi hudhani tatizo la #NAME? litaondoka wakihifadhi kwa .xlsx (muundo wa Excel) badala ya .ods (wa LibreOffice). Haliondoki. Jina la fanksheni huandikwa ndani ya faili katika miundo yote miwili, na programu isiyolijua haitalijua kwa kubadilishiwa bahasha. Excel 2016 nayo haina XLOOKUP, kwa hiyo mwenye Excel ya zamani yuko kwenye mashua moja na mwenye LibreOffice 7.3. Wakati mwingine kosa halionekani mara faili linapofunguliwa, kwa kuwa Calc kwa kawaida huonyesha majibu yaliyohifadhiwa bila kuhesabu upya. Kujihakikishia, fungua faili kwenye kompyuta yenye toleo la zamani na ubonyeze Ctrl+Shift+F9. Na usikubali faili lihifadhiwe huko kisha lirudishwe. Huenda fomula zikarudi zimeharibika hata kwako. Tunza la asili.

Kama anayepokea anahitaji kusoma tu, tengeneza nakala, chagua seli zenye fomula, nenda Data, Calculate, Formula to Value. Majibu yanabaki, fomula zinaondoka. Kama anahitaji kuendelea kuhesabu, rudi kwenye njia ambayo matoleo yote yanaielewa:

=INDEX($Wanachama.$B$2:$B$31;MATCH(A2;$Wanachama.$A$2:$A$31;0))

Si nzuri kama XLOOKUP, lakini inafanya kazi kila mahali.

Vingine vinavyosafiri bila kuonekana

Fonti ni mfano wa karibu. Hati ya Word iliyoandikwa kwa Calibri au Cambria hufunguka vizuri kwa sababu LibreOffice huja na Carlito na Caladea, fonti zenye upana ule ule wa herufi, hivyo mistari haihami. Lakini Microsoft 365 siku hizi huanza na Aptos. Kompyuta isiyo nayo huweka fonti nyingine, upana unabadilika, na barua ya ukurasa mmoja inamwaga sahihi ukurasa wa pili. Kwa hati unayoitengeneza wewe, fungua File, Properties, sehemu ya Font, uweke alama ya kupachika fonti ndani ya hati. Faili litakuwa zito zaidi. Toleo la 25.8 lilileta jambo hilo hilo kwa mafaili ya PowerPoint (PPTX), na likarekebisha namna Writer inavyogawa nafasi kati ya maneno na kukata maneno mwisho wa mstari ili ikaribie inavyofanya Word.

Lingine ni jina lako. Faili hubeba jina la aliyelitengeneza, saa za kuhariri, jina la printa, na majina kwenye maoni. Tangu 24.8, ukiweka alama kwenye Remove personal information on saving, ndani ya Tools, Options, LibreOffice, Security, Options, hayo yote hayaandikwi. Anayetuma zabuni au mtihani aliwashe kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho, kisha ahakikishe kwenye File, Properties.

La mwisho ni lugha ya maandishi yenyewe, nayo huhifadhiwa ndani ya hati. Hati ya Kiswahili iliyoachwa kama Kiingereza itajaa mistari myekundu kwa kila atakayeifungua. Kiswahili kimo humu tangu enzi za OpenOffice.org: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, na kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ya Tanzania ipo kati ya kamusi za LibreOffice. Nenda Tools, Language, For All Text, uchague Kiswahili cha Tanzania. Kama kwenye orodha ya lugha hakina alama ya ABC mbele yake, kamusi haikuwekwa. Rudia kusakinisha ukichagua njia ya Custom na uiongeze. Hata ikiwepo, tarajia vitenzi sahihi vyenye viambishi vingi vipigwe mstari, kwani orodha ya maneno haiwezi kubeba kila umbo la kitenzi chetu. Bofya kulia, Add to Dictionary, na utumie Kiswahili cha Tanzania pekee katika hati zako zote ili kamusi unayoijenga isigawanyike.